Skuli yetu imeshuka kutoka asilimia 78 hadi 61: nani wa kulaumiwa?

Swali: Assalaamu alaykum. Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Skuli ya msingi ya Serikali katika Wilaya ya Micheweni, Pemba, na kazi yangu ni kilimo cha mwani. Mwaka juzi watoto wetu 41 walifanya mtihani wa kumaliza msingi, wakafaulu 32. Mwaka jana walifanya 38, wakafaulu 23. Skuli moja ya mjini Chake Chake imepata zaidi ya asilimia 90. Wazazi wamekasirika. Wako wanaotaka mwalimu mkuu ahamishwe. Wako wanaosema tatizo ni watoto wa wavuvi waliohamia pwani yetu, kwani darasa la mwaka juzi walikuwa 8 na la mwaka jana 16. Kikao cha wazazi kinakaribia na nimetakiwa niseme. Mkosa ni nani? Na ni kweli kwamba matokeo ya skuli yanategemea watoto wa nani wanasoma hapo?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeniletea idadi ya watoto, hukuishia kwenye asilimia. Asilimia 78 na 61 zikisomwa mbele ya wazazi zinatisha. Watoto 32 kati ya 41, na 23 kati ya 38, unaweza kuwahesabu kwa majina, na kazi yenu ianzie kwenye majina hayo.

Darasa la mwaka jana lingefaulu kwa kiwango kile kile cha mwaka juzi, wangepasi watoto 30 hivi. Wamepasi 23. Basi pengo lote linalowagombanisha ni watoto saba. Darasani kwenu kila mtoto mmoja ana uzito wa zaidi ya asilimia mbili na nusu. Wawili wakiamka na homa siku ya Hisabati, skuli nzima inaambiwa imeshuka asilimia tano. Skuli ya mjini yenye watahiniwa 200 haipati misukosuko hiyo, kwa sababu huko mtoto mmoja ni nusu ya asilimia tu. Skuli ndogo hupanda sana na kushuka sana, na ndizo utakazozikuta juu kabisa na chini kabisa ya orodha yoyote ya matokeo, mwaka huu hizi, mwakani nyengine.

Nimezipiga hesabu zako kwa kanuni za takwimu. Kwa madarasa mawili ya ukubwa huo, tofauti kama hii, iwe ya kupanda au ya kushuka, inaweza kutokea kwa bahati tupu karibu mara moja katika kila kumi, hata kama skuli haikubadilika chochote. Kwa hiyo si jambo la kulipuuza. Lakini pia si ushahidi wa kumhamishia mtu kazi yake.

Sasa tuje kwa hao watoto wa wavuvi, kwani naona hapo ndipo maneno yatakapokuwa makali.

Dai la wazazi linapimika, na halihitaji mtaalamu. Wenyeji walikuwa 33 mwaka juzi na 22 mwaka jana. Ili wageni wabebe lawama yote, yaani wenyeji wawe wamefaulu kwa kiwango kile kile miaka yote miwili na wageni nao vile vile, na kilichobadilika kiwe ni wingi wao tu, ingebidi mwaka juzi wenyeji wafaulu 31 kati ya 33, na kati ya wageni wanane afaulu mmoja. Mwaka jana, kati ya wageni 16, ingebidi wafaulu wawili au watatu basi. Ukizipanga hesabu vyengine, jumla zako hazitimii. Chukua orodha ya matokeo ya miaka miwili, tia nukta mbele ya kila mtoto aliyehamia, kisha hesabu. Ni kazi ya robo saa, na nashangaa kwamba watu wanaweza kugombana wiki nzima juu ya jambo la robo saa.

Tuseme unakuta kwamba mwaka juzi wageni walifaulu watano kati ya wanane, na wenyeji 27 kati ya 33. Huo ni mfano wangu, lakini unatoa jumla ile ile ya 32. Kwa viwango hivyo, darasa la mwaka jana lenye wageni 16 lingefaulu watoto 28, sawa na asilimia 74. Maana yake, kuongezeka kwa wageni maradufu kungeishusha skuli pointi nne tu. Nyinyi mmeshuka 17. Pointi 13 zilizobaki zingebaki na asili nyengine, na wenyeji nao wangekuwa ndani yake.

Lakini hata ukikuta kwamba wageni ndio walioanguka wengi, bado hujapata sababu. Umepata pa kuanzia kuulizia. Dago, yaani wavuvi kuhama na kupiga kambi wakifuata samaki, si jambo geni Pemba. Wavuvi wa Kojani wanajulikana mwambao mzima kwa kuhama na samaki, na watoto wao huhama nao au huachwa kwa bibi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa amesoma Darasa la Tatu skuli moja, la Nne nyengine, akaingia kwenu katikati ya muhula bila ya cheti cha uhamisho, akakuta somo la sehemu limeshapita. Akifeli Hisabati, amefelishwa na lile pengo la miezi. Mwenyeji aliyelazwa hospitali miezi miwili angefeli vile vile. Kwa hiyo muulizeni mwalimu mkuu: mtoto akihamia hapa, nani anampima kujua amefika wapi? Kama jibu ni hakuna, hilo ni jambo la skuli, na linatibika bila ya kumtukana mzazi wa mtu.

Swali lako la mwisho ni la zamani, na limeshatafutiwa majibu duniani. Mwaka 1966, Marekani, James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyopima wanafunzi zaidi ya laki tano. Ilionyesha kwamba hali ya nyumbani anakotoka mtoto inaeleza tofauti za alama kuliko majengo na vifaa vya skuli. Wengi wakaichukua kama hukumu, kwamba skuli haina inachoweza kufanya. Mwaka 1983, Stephen Heyneman na William Loxley wakalinganisha nchi 29, tajiri na masikini, wakaona kwamba katika nchi masikini mambo ni mengine: huko ubora wa skuli na wa mwalimu ulikuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko ilivyoonekana katika nchi tajiri. Wako waliobishana nao baadaye, na mjadala unaendelea. Mimi naona kwetu inaeleweka. Nyumba ambayo haina kitabu hata kimoja haiwezi kumfidia mtoto kwa saa aliyokosa darasani. Ya mjini ina kaka aliyefika Kidato cha Nne, ina tuisheni ya jioni, ina umeme usiku. Kwa hiyo mtoto wa pwani ya Micheweni anaitegemea skuli yake kuliko mtoto wa mfanyakazi wa Serikali wa Chake, na siku anayoikosa inamgharimu zaidi.

Wilaya yako kila mara hutajwa miongoni mwa zile zenye umasikini mkubwa Zanzibar, hilo unalijua kwa macho. Neno "masikini", hata hivyo, halimsaidii mwalimu kitu, kwani karibu darasa zima ni masikini. Linalosaidia ni kujua umasikini unaingia darasani kwa mlango gani. Kwa pwani yenu, ningeanza na bahari.

Hili unalijua kuliko mimi, kwani saa hizo wewe mwenyewe uko pwani. Bamvua, yaani siku za maji yanayojaa sana na kupwa sana, linakuja mara mbili kila mwezi wa mwandamo, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na kwa mwambao wetu, maji ya bamvua hupwa sana asubuhi, kiasi cha saa tatu mpaka saa tano. Ndizo saa za kufunga na kuvuna mwani, na ndizo saa za pweza na chaza. Ndizo pia saa za masomo mazito katika mkondo wa asubuhi. Maji mafu yakija, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, pwani haina kazi kubwa, na watoto wanarudi darasani.

Mtoto anayekosa siku tatu kila bamvua amekosa siku sita katika mwezi wenye siku 22 za skuli. Hiyo ni zaidi ya robo. Akiendelea hivyo tangu Darasa la Nne mpaka la mtihani, amekosa zaidi ya robo ya masomo ya kila mwaka, na hakuna aliyemwita mtoro, kwa sababu hakukosa wiki nzima mfululizo hata mara moja. Daftari la mahudhurio likijumlishwa kwa mwezi linaonyesha asilimia 73 na mtu anapita. Likisomwa siku kwa siku linaonyesha kitu chengine kabisa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Ombeni madaftari ya mahudhurio ya darasa la mtihani ya mwaka juzi na mwaka jana. Juu ya kila tarehe andikeni tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Msikitini kalenda ipo. Kisha tazameni nafasi za wasiokuwepo zinajazana wapi. Zikijazana karibu na mwezi mosi na karibu na 15, mmeshajua. Zikijazana Jumatatu au siku ya gulio, mmejua jengine. Zikitapakaa bila mpango, huenda ni maradhi, njaa au umbali. Na angalieni kama katika wale 15 waliofeli mwaka jana (nitakuja kwao) kuna ambao ni wa bamvua. Nakuomba pia utazame wenyeji kwa wageni kwa pamoja, kwa sababu kazi ya mwani ni ya wenyeji zaidi. Huenda kikao kikaja kutafuta makosa ya wavuvi kikayakuta kwa wanawake wenye kamba zao za mwani pwani, wewe ukiwemo. Uwe tayari kwa hilo.

Jambo la pili la aina hiyo ni karafuu. Upande wenu wa maweni mikarafuu si mingi kama magharibi ya kisiwa, lakini msimu ukiwa mkubwa vibarua hutoka kila pahala, na watoto hufuata wazazi kuokota na kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Karafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja inafurika, unaofuata inagoma. Basi jiulizeni: mwaka jana msimu ulikuwaje ukilinganisha na mwaka juzi? Kama mwaka jana ulikuwa wa neema mashambani na mwaka juzi ulikuwa mkavu, mmepata sehemu ya jibu ambayo haina mkosa.

Mengine ya nyumbani nitayapitia upesi. Umri: mtoto wa miaka 15 katika darasa la watoto wa miaka 12 tayari ana mguu mmoja nje. Jinsia: hesabuni waliofeli, wavulana wangapi na wasichana wangapi. Zanzibar kwa miaka mingi wasichana ndio wengi zaidi katika madarasa ya sekondari, na ukikuta wavulana ndio waliozama kwenu utakuwa umekuta jambo linalojulikana visiwani kote. Maandalizi: nani alipitia skuli ya maandalizi au kituo cha TuTu, cha Tucheze Tujifunze, na nani aliingia Darasa la Kwanza hajawahi kushika kalamu? Alama ya pengo hilo hubaki miaka mingi. Gharama: elimu ilitangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, lakini sare, madaftari na viatu havijawahi kuwa bure, na mtoto asiye na sare hujificha nyumbani kabla hajafukuzwa na mtu.

Wingi wa watoto nao usisahaulike. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba. Ya 2022 ikahesabu 543,441. Ni theluthi nzima imeongezeka katika miaka kumi. Skuli mpya za ghorofa zimejengwa, nyingi kwa fedha za ahueni ya UVIKO-19, na pahali pengine zimepunguza mikondo miwili. Kama kwenu bado kuna mkondo wa mchana, angalieni darasa la mwaka juzi lilisoma mkondo gani na la mwaka jana upi. Mtoto anayeingia darasani saa saba za mchana baada ya kazi ya asubuhi si sawa na anayeingia saa moja unusu, ingawa kwa habari ya bamvua mkondo wa mchana unaweza hata kuwa nafuu kwenu. Hilo ni la kujadiliana na walimu, mimi nililo nalo ni dhana tu.

Sasa wale 15 waliofeli. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kumfuata mtoto yule yule. Mnapolinganisha mwaka juzi na mwaka jana mnalinganisha watoto tofauti. Pengine darasa la mwaka jana lilikuwa dhaifu tangu chini, au la mwaka juzi lilikuwa na vichwa ambavyo havijirudii. Darasa la Nne nao hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, na matokeo yake skuli inayo. Mchukueni kila mtoto aliyefanya mtihani wa mwisho mwaka jana, mumuandikie mbele yake alipata nini Darasa la Nne.

Mtapata makundi matatu, na kila moja lina maana yake. Wako waliokuwa chini Darasa la Nne na wamebaki chini. Hao walifelishwa zamani, kwenye kusoma na kuhesabu kwa mwanzo, na mwalimu wa darasa la mtihani hawezi kubebeshwa. Dawa yao iko Darasa la Kwanza na la Pili. Wako waliokuwa wazuri Darasa la Nne wakaanguka baadaye. Hao ndio wa kuulizwa mmoja mmoja: mahudhurio yake yalikuwaje, nyumbani kulitokea nini, nani alimfundisha Darasa la Tano, na huyo mwalimu aliondoka mwezi gani na nafasi yake ilikaa tupu muda gani. Na wako ambao hamtawaona Darasa la Nne kabisa, kwa kuwa walihamia baadaye. Kundi hilo la tatu likiwa kubwa, rudini kwa swali la nani huwapima wageni.

Kwenye kundi la pili angalieni pia masomo. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano, na watoto wengi waliokuwa wakijua kugawa na kuzidisha kwa Kiswahili walianza kupotea hapo, hesabu wanaijua lakini swali hawalielewi. Waulizeni walimu wenu somo gani linafundishwa kwa lugha gani, kwa kitabu gani, na vitabu ni vingapi kwa watoto wangapi. Mkikuta watoto wameanguka Hisabati na Sayansi lakini Kiswahili na Dini wako vizuri, basi huenda tatizo ni lugha kuliko utoro au uvuvi, kwani utoro kwa kawaida huangusha masomo yote.

Kuna hesabu moja zaidi ambayo watu huisahau: wale ambao hawakufanya mtihani. Darasa lenu la mwaka jana lilikuwa na watoto wangapi lilipokuwa Darasa la Nne? Kama walikuwa 55 na waliofika kwenye mtihani ni 38, basi wale 17 ni habari kubwa kuliko wale 15 waliofeli. Na kama mwaka juzi walioacha njiani walikuwa wengi zaidi, na mwaka jana skuli ilijitahidi kuwabakisha dhaifu mpaka mwisho, kushuka kwa asilimia kunaweza kuwa malipo ya kazi njema. Nimeona skuli ikilaumiwa kwa sababu ilikataa kuwaacha watoto wake. Kinyume chake kipo pia: skuli inayowarejesha darasa wanaosuasua, au inayomnong'oneza mzazi amhamishe mtoto kabla ya mtihani, hupata asilimia nzuri sana.

Sisemi hivyo kuhusu hiyo skuli ya Chake, siijui. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuitamani asilimia 90 yake muulize mambo mawili: waliosajiliwa ni wangapi na waliofanya ni wangapi, na wazazi wa wanafunzi wanafanya kazi gani. Skuli ya mjini iliyo karibu na nyumba za walimu, wauguzi na wafanyabiashara ina watoto wanaoingia Darasa la Kwanza tayari wanajua kusoma. Ikiwapokea hivyo na kuwatoa na asilimia 90, huenda imewaongezea kidogo tu. Skuli ya pwani inayowapokea watoto wasiojua herufi na kuwatoa na asilimia 61 huenda imewaongezea mengi. Huwezi kumpongeza nahodha kwa kuwahi kufika bila ya kuuliza alitweka tanga kutokea bandari gani.

Mkitaka kujilinganisha, jilinganisheni na walio kama nyinyi. Nendeni kwa Afisa Elimu wa Wilaya, ombeni matokeo ya skuli tatu au nne za pwani ile ile, za ukubwa ule ule, ya miaka mitano na si miwili. Kama zote zimeshuka mwaka jana, sababu iko nje ya geti lenu: mtihani ulikuwa mgumu, au msimu, au maradhi. Kama nyinyi peke yenu mmeshuka, huenda sababu iko ndani. Na kama kuna moja iliyo na wavuvi wengi kuliko nyinyi na imepanda, mpelekeni mwalimu mkuu wenu akanywe chai na mwenziwe wa huko.

Kuhusu mwalimu mkuu. Yako anayoweza kuulizwa na yako asiyoyaweza. Kupangiwa walimu hakuko mikononi mwake. Mwalimu wa Hisabati akihamishiwa Unguja mwezi wa Juni, yeye anaandika barua na kusubiri kama sisi. Lakini nani anafundisha darasa lipi, hilo ni lake. Kama amemweka mwalimu wake bora darasa la mtihani na kuwaachia Darasa la Kwanza kijana wa kujitolea ambaye hajapata mafunzo, hapo muulizeni, kwa adabu lakini muulizeni, kwa nini; ni kosa la skuli nyingi, na linalipwa miaka sita baadaye. Madaftari ya mahudhurio kuwa sahihi ni lake. Kumjulisha sheha na mzazi mtoto anapoanza kukosa ni lake. Mkikuta watoto waliokuwa wazuri Darasa la Nne, waliohudhuria vizuri, na bado wameanguka kwa wingi, na skuli jirani hazikuanguka, basi ana la kujibu na ajibu. Mkikuta mengine, kumhamisha kutawapa mwalimu mkuu mpya na bamvua lile lile.

Kwenye kikao usianze na nani mkosa. Anza na hesabu ya watoto saba, kisha sema wageni walifaulu wangapi na wenyeji wangapi, vyovyote itakavyokuwa, kwani hiyo hesabu wakishaisikia kelele nyingi zitapungua. Baada ya hapo weka mezani ombi moja au mawili tu yanayoweza kufanyika mwaka huu. Langu la kwanza lingekuwa watoto wa darasa la mtihani wasishuke pwani asubuhi za bamvua tangu muhula wa pili, na wazazi wenye mwani wasaidiane kazi kwa zamu ili asiumie mtu mmoja. La pili ni walimu waweke masomo ya Hisabati na Kiingereza ya marudio katika siku za maji mafu, wakati darasa limejaa. Hayo hayana bajeti. Vitabu na walimu ombeni kwa maandishi, mukiambatanisha hesabu zenu. Ofisi ya wilaya hupokea barua nyingi za kulalamika na chache zenye jedwali.

Mwisho ni tahadhari. Karatasi mtakayoitengeneza ina majina ya watoto, alama zao, na kazi za wazazi wao. Kikaoni zisomwe jumla tu. Kundi likiwa na watoto wachache, kama wale wanane wa mwaka juzi, hata jumla inaweza kumtaja mtoto bila ya kumtaja, kwani kila mtu anajua nani alihamia lini. Kwa hao semeni idadi ya miaka miwili kwa pamoja. Karatasi yenyewe ibaki kwa mwalimu mkuu, isipigwe picha, na isipelekwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi.